Mpangaji Huku, Mwenye Nyumba Kule



Siku hizi tukikutana kwenye harusi au hitima, zikishamalizika salamu za kawaida, za watoto na za wazee walioko nyumbani, hufuata swali moja ambalo zamani halikuwamo katika salamu zetu: "Mmeshanunua, au bado mnapanga?" Huulizwa kwa sauti ya upole, sahani ya pilau ikiwa mkononi, lakini swali lenyewe lina makali. Aliyenunua hujibu kwa neno moja na kutaja mtaa. Anayepanga hujibu kwa maelezo marefu: kazi bado haijatulia, bei zimepanda, tunangoja watoto wakue kidogo, na kwa vyovyote vile tunajenga nyumbani.

Sisi tunaoandika haya tumo katika kundi la pili. Tu familia ya watu watano, mashariki ya London, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Tumekuwa wapangaji katika nchi hii tangu 2004, na katika miaka hiyo tumehama mara tano. Tumejieleza mbele ya sahani nyingi za pilau, mpaka tukaona ni bora tukae chini tulitazame swali lenyewe. Je, mwenye nyumba ni mtu aliyefika, na mpangaji ni mtu aliyepotea njia? Na kama ipo tofauti baina yao, ni tofauti ya fedha, ya maisha, au ya utu?

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia na ndiko wengi wanakoishia.

Tunaambiwa kwamba kodi ya nyumba ni pesa iliyotupwa. Chukueni basi mfano wa nyumba ya £300,000, ambayo kwa London ni nyumba ndogo. Mnunuzi anatoa kianzio cha asilimia 10, yaani £30,000, na kukopa £270,000 kwa miaka 25, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Malipo yake ya kila mwezi yatakuwa kama £1,578. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, £1,125 ni riba tupu, na £453 tu ndizo zinazopunguza deni. Mpaka deni liishe, benki itakuwa imepokea kiasi cha £473,000, yaani zaidi ya £200,000 juu ya zile ilizotoa. Hapo hatujamtaja wakili, ushuru wa stempu, bima, paa linalovuja na boila inayokufa mwezi wa Januari. Basi kama kodi ya mpangaji imetupwa, na riba ya mnunuzi nayo imetupwa, tena katika jaa lile lile. Mmoja amekodi nyumba, mwingine amekodi fedha.

Wala asidhani mnunuzi kwamba bei ya kukodi fedha haipandi. Mwanzoni mwa Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1. Kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Mkopo ule ule wa £270,000, kwa riba ya asilimia 2, unalipiwa kama £1,144 kwa mwezi. Ikifika asilimia 5, ni zaidi ya £430 juu ya hapo kila mwezi, kwa kuta zile zile na bustani ile ile. Wengi wetu tunawajua watu ambao muda wa riba yao isiyobadilika ulikwisha katika kipindi kile. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake wakati huo na hakuweza kwenda kuzika. Alikuwa na nyumba yake, lakini hakuwa na nauli.

Hata hivyo haki ni haki, na hesabu ya upande mmoja si hesabu. Deni la mnunuzi lina mwisho, kodi ya mpangaji haina. Mnunuzi akilipa miaka 25, siku moja anaamka hadaiwi. Mpangaji akilipa miaka 25, mwezi wa 301 ni sawa na mwezi wa kwanza, isipokuwa kodi imekuwa kubwa na yeye amekuwa mzee. Tunapowatazama wazee wetu waliostaafu huku, wanaolipa kodi kutoka katika pensheni iliyopungua, tunakiri kwamba hoja ya wanaonunua ina uzito. Ubora wake si utajiri. Ubora wake ni kumpunguzia mtu hofu katika umri ambao hawezi tena kuongeza zamu ya usiku.

Tuje kwenye maisha. Mpangaji ana uhuru wake. Kazi ikitokea Leicester, anafunga mizigo. Bomba likipasuka, anapiga simu kwa wakala. Lakini nyumba ya mtu ni ya mtu, na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hatupigi msumari ukutani bila ruhusa. Wakala huja kila baada ya miezi mitatu kukagua, na safari moja aliandika katika ripoti yake kwamba jikoni kuna harufu ya samaki wa kukaanga, kana kwamba samaki ni uharibifu. Kwa miaka mingi sheria ya 1988 ilimruhusu mwenye nyumba katika England kumtoa mpangaji kwa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu yoyote. Sisi wenyewe tumetolewa mara mbili kwa njia hiyo, na mara zote mbili watoto walibadili shule. Sheria mpya iliyopitishwa Oktoba 2025 imeifuta njia hiyo kuanzia tarehe 1 Mei 2026.

Lakini kilichotuuma zaidi hakikuwa kuhama. Ni kwamba tulizoea kuhama hata tukaacha kuwajua majirani. Tulijiambia, ya nini kujua jina la jirani wa mkono wa kushoto, nasi mwakani hatutakuwapo? Miaka ikapita hivyo. Wanaonunua, tumeona, huanza kuhudhuria mikutano ya shule, hugombana na kaunsili kuhusu taka, hupanda mti. Si kwamba ni watu wema kuliko sisi. Ni kwamba wanajua watakuwapo.

Wenzetu Waislamu wana jambo jingine la kupima, nalo ni riba. Wengi walikaa katika kupanga kwa miaka mingi kwa kuogopa kuingia katika mkopo wa riba, na wengine walinunua na wakabaki na dukuduku moyoni. Mwaka 2003 serikali ya Uingereza iliondoa kutoza ushuru wa stempu mara mbili kwa ununuzi unaofuata taratibu za Kiislamu, na mwaka 2004 ikafunguliwa Islamic Bank of Britain, ambayo tangu 2014 inaitwa Al Rayan Bank. Katika utaratibu wa ushirika unaopungua, benki na mnunuzi wanainunua nyumba pamoja. Kila mwezi mnunuzi ananunua kipande kidogo cha sehemu ya benki, na kwa kipande kilichobaki analipa kodi. Tazameni jambo hili. Mtu yule yule, katika nyumba ile ile, ni mwenye nyumba na ni mpangaji. Anaweza kuwa anamiliki jiko na kupanga ngazi.

Tukifikiri vizuri, hilo si ajabu kwetu. Mombasa watu wameishi tangu zamani katika nyumba zisizo na ardhi: kuta ni zako, paa ni lako, lakini kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Ghorofa nyingi tunazojisifu kuzinunua katika England ziko hivyo hivyo, kwa kuwa mtu hununua haki ya kukaa kwa miaka 99 au 125, na ardhi inabaki kwa mwenyewe. Tanzania nako, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati ya mtu ni haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo anayesema "hii ni yangu" na anayesema "mimi napanga tu" hawako mbali kama wanavyodhani. Kila mmoja amepewa muda. Muda wa mmoja ni mrefu zaidi.

Hapa ndipo tulipotaka kufika, maana hapa ndipo swali linapoacha kuwa la fedha.

Wengi wetu tunaopanga huku ni wenye nyumba kule. Hatukununua London kwa sababu kila tulichoweka akiba kilikwenda kwenye tofali, nondo na bati. Sisi tulijenga Kimara, Dar es Salaam, kidogo kidogo kwa miaka tisa, na tunashukuru kwamba ndugu aliyesimamia alikuwa mwaminifu, kwa kuwa tunawajua waliotuma fedha za msingi mara tatu na msingi hawakuuona. Tulisema ni nyumba ya kurudia. Katika miaka kumi ya kwanza baada ya kuezeka tulilala humo majuma saba kwa jumla. Muda uliobaki tumepangisha, kwa sababu nyumba isiyo na mtu huliwa na mchwa.

Mwanzoni mwa Agosti 2023 tulipokea barua ya wakala. Mwenye nyumba, ambaye hatujawahi kumwona, anapandisha kodi kutoka £1,450 hadi £1,650 kwa mwezi, kwa sababu riba ya mkopo wake imepanda. Tulikaa mezani usiku ule tukiwa na hasira. Binti yetu alikuwa anaingia mwaka wa mtihani, na hatukuwa na nguvu ya kutafuta nyumba nyingine. Tukaandika kwa wakala: tunaomba tufikiriwe, angalau hadi mtoto amalize mitihani Juni.

Juma lile lile, tena kwa sababu ya barua ile, tulimpigia simu mdogo wetu Dar es Salaam. Tulimwambia amweleze mpangaji wetu wa Kimara kwamba kodi itapanda kutoka Sh 250,000 hadi Sh 300,000 kwa mwezi, na kwamba safari hii tunataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, Sh 3,600,000, badala ya miezi sita. Hatukuona ubaya wowote. Ndivyo wanavyofanya wote. Mpangaji wetu ni mwalimu wa shule ya msingi na ana watoto wawili.

Baada ya siku mbili mdogo wetu alitusomea ujumbe wa mwalimu. Alianza kwa salamu na heshima zote, akasema mshahara wake haujapanda, kisha akaomba: "Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la saba, mtihani ni mwezi ujao. Naomba mnivumilie angalau amalize mtihani."

Hatukusema neno kwa muda. Kisha mmoja wetu akachukua kalamu akapiga hesabu. Mwenye nyumba wetu, yule tuliyemwita mnyonyaji, alikuwa ametupandishia asilimia 14 hivi. Sisi tulikuwa tumempandishia mwalimu asilimia 20.

Neno hilo, mnyonyaji, lina historia katika lugha yetu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba anayekula jasho la mpangaji hawezi kuongoza nchi ya wakulima na wafanyakazi. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa waliotwaliwa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na baadhi yao walihamia huku Uingereza na Kanada. Pengine baadhi ya watoto wao wanatusoma. Mpangaji naye hakuwa mwenye nyumba kwa hatua ile, ila alibadilishiwa wa kumlipa. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1991, huko Zanzibar, chama kikalegeza masharti yale ya uongozi.

Hatuandiki haya ili kuyarudisha ya 1971. Jumba la mtu kutwaliwa ni jeraha, na waliopata jeraha hilo hawajalisahau. Lakini swali lililoulizwa na wazee wale halikufutwa pamoja na masharti yao: ni kiasi gani mtu anaweza kuishi kwa hofu ya mtu mwingine na bado akajiita mwadilifu? Katika nyumba za Uswahilini tulizokulia, zenye vyumba sita na ukumbi katikati, swali hilo lilijibiwa kila siku bila maandishi. Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele na alichota maji pipa moja na wapangaji wake. Alikuwa mkali wa kodi, naye hakuwa malaika. Lakini mpangaji akifiwa, msiba ulikuwa ukumbini kwake. Asingeweza kumpandishia kodi mtu ambaye mtoto wake anamsikia akikohoa usiku, au akimpandishia, alilazimika kumtazama usoni asubuhi.

Sisi wa ughaibuni tumeondolewa mzigo wa kutazama uso. Mwenye nyumba wetu hatuoni sisi, anaona wakala. Nasi hatumwoni mwalimu, tunamwona mdogo wetu kwenye simu. Umbali umetufanya wote kuwa wepesi wa kupandisha. Tunadhani hapo ndipo ilipo tofauti ya kweli, na si baina ya kupanga na kumiliki. Nyumba inampa mtu mamlaka juu ya usingizi wa mtu mwingine, na mamlaka hayo hayapungui kwa sababu mwenyewe yuko mbali, au kwa sababu naye ananyanyaswa huko aliko.

Mtasema, nanyi mna shida zenu. Ni kweli, na tulisema hivyo hivyo usiku ule. Lakini tulipoipima shida hiyo, nyongeza tuliyomdai mwalimu ilikuwa Sh 600,000 kwa mwaka, ambazo kwa wakati ule hazikufika £200. Kwetu ni nguo za shule na nauli za basi, si kitu cha kudharau. Kwake ni zaidi ya kodi ya miezi miwili. Tulikubaliana kodi ibaki pale pale kwa mwaka mmoja, na alipe kila miezi mitatu. Hatukufanya hivyo kwa moyo mweupe. Mmoja wetu alinung'unika mpaka Krismasi, na matengenezo ya uzio yakasubiri. Wakala wetu naye alijibu: kodi itakuwa £1,600. Tulipunguziwa £50, tukashukuru, na tukaendelea kukaa.

Basi tununue au tupange? Anayeweza kulipa kianzio bila kuwakosesha wazazi dawa, na ambaye hesabu yake inabaki salama hata riba ikipanda kama ilivyopanda, na anunue, kwa ajili ya uzee wake. Asinunue kwa sababu ya swali la kwenye pilau. Anayepanga na apange bila haya, ila asijidanganye kwamba yuko safarini wakati amekaa miaka ishirini; amjue jirani yake, aende mkutano wa shule, apande hata mchicha kwenye ndoo. Usiache mbachao kwa msala upitao: maisha ya hapa, hata yakiwa katika nyumba ya mtu, ndiyo mbachao. Na anayejenga kule ajenge, lakini ajiulize nani atakaa humo, na kwa masharti gani.

Kwa upande wetu, bado tunapanga. Mwalimu bado yuko Kimara, na mtoto wake alifaulu. Tumeanza kuzungumza naye wenyewe kwa simu, mara moja kila baada ya miezi michache, bila kupitia kwa mdogo wetu. Mara ya kwanza alituambia kwamba bomba la choo cha uani linavuja tangu masika, na kwamba alishalisema mara mbili. Tulituma fedha za fundi siku ile ile, kwa aibu kidogo.

Tukutane harusi ijayo, inshallah. Mkituuliza kama tumenunua, tutajibu bado. Nasi tutawauliza juu ya wapangaji wenu.

Wassalaam.